Taka za meli: boza gatini, tishari ubavuni, au kuzibeba hadi bandari ijayo?

Meli imetia nanga nje ya Mombasa ikisubiri zamu ya gati. Mhandisi mkuu anamwandikia wakala: tangi la tope la mafuta, la mita 15 za ujazo, limejaa asilimia 85, maji ya ngama (yanayojikusanya chini kabisa ya meli) yanapanda, mifuko ya taka imerundikana sitaha ya nyuma na mpishi analalamikia harufu. Safari inayofuata ni Durban. Swali lake ni fupi: "Tushushe hapa? Na kama ni hapa, kwa njia gani?"

Wakala aliyezoea malori atajibu lori. Aliyezoea vyombo vya majini ataita tishari, chombo bapa cha kubebea. Nahodha mwenye haraka atasema tutashusha mbele ya safari. Kila mmoja wao huwa sahihi kwa meli fulani, ila si kwa kila meli, na kosa lake hulipiwa kwa dola na kwa siku. Hizi hapa njia zote tatu kwa vigezo vilevile, kama zilivyo katika bandari za mwambao wetu. Singapore na Rotterdam zina hesabu zao.

Njia ya nne, ile ya kufungua valvu usiku wa manane, haimo humu. Wazee wa majahazi walifua ngama kwa ndoo na kumwaga baharini bila kuulizwa na mtu, kwa kuwa yalikuwa maji ya chumvi na vumbi la boriti. Ngama ya leo ina mafuta. Chini ya MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia meli kuchafua bahari, maji hayo hayatoki melini mpaka meli iwe safarini na yawe yamepita kwenye mtambo wa kutenganisha, mafuta yasizidi sehemu 15 kwa milioni. Tope lenyewe halimwagwi popote baharini. Plastiki vilevile, iwe maili tatu au mia tatu kutoka pwani. Mabaki ya chakula yaliyosagwa yakapita kwenye wavu wa matundu ya milimita 25 huruhusiwa zaidi ya maili 3 kutoka nchi kavu. Yasiyosagwa, zaidi ya maili 12. Hapo kuna mtego ambao mabaharia wengi wa mwambao hawaupigii hesabu: ukitoka Dar es Salaam kwenda Unguja kwa njia ya kawaida, hufiki mahali popote palipo maili 12 kutoka nchi kavu iliyo karibu. Chombo kisicho na mashine ya kusagia hakina pa kumwaga makombo njia nzima.

Vigezo

Kiasi na aina. Anza na hesabu, simu ije baadaye. Kanuni ya kupimia ukubwa wa tangi la tope hukadiria asilimia 1.5 ya mafuta mazito yanayochomwa kwa siku. Kwa dizeli ni asilimia 0.5. Meli yetu ya mfano huchoma tani 20 za mafuta mazito, kwa hiyo inazaa lita 300 hivi za tope kila siku ya safari. Chombo cha mwambao kinachochoma tani 4 za dizeli huzaa lita 20. Tofauti hiyo peke yake inaweza kukuchagulia njia.

Muda. Meli itakaa saa ngapi mahali ambapo kazi inaweza kufanyika? Saa za gatini na saa za nangani zihesabiwe mbalimbali. Kumbuka pia kwamba taarifa ya awali ya taka hutakiwa kufika angalau saa 24 kabla ya meli.

Gharama yote. Bei ya mita moja ya ujazo ndiyo inayotajwa kwenye simu. Kwenye bili huongezeka ada ya kuitwa, saa za kusubiri, kazi ya usiku au sikukuu, na vibali vya kuingia bandarini.

Hatari ya kumwagika. Mara nyingi ajali hutokea kwenye maungio ya mpira, si kwenye tangi.

Karatasi na mwisho wa taka. Risiti yenye kiasi, tarehe na jina la aliyepokea, pamoja na jibu la swali hili: baada ya geti, taka zinakwenda wapi?

Boza gatini

Mombasa wengi tunasema lori la tanki. Wenzetu wa Dar husema boza, na neno lao ni fupi zaidi. Mkandarasi mwenye leseni huleta gari hadi ubavuni mwa meli, mpira unaunganishwa, pampu ya meli inasukuma. Taka ngumu hupakiwa lori jingine.

Kiasi na aina. Boza la lita 10,000 linamaliza mita 10 za ujazo kwa safari moja, kwa hiyo njia hii inafaa kiasi kidogo na cha wastani. Ukiwa na mita 60 za maji ya ngama utakuwa na foleni ya mabozi sita gatini, na msimamizi wa gati hatakuvumilia. Kwa taka ngumu zilizokwisha kutengwa hakuna njia rahisi kuliko hii.

Muda. Kazi yenyewe ni saa mbili au tatu. Kinachokula muda ni kinachoitangulia: pasi ya geti, ruhusa ya forodha (kitu chochote kinachoshuka melini kina macho ya forodha juu yake), na nafasi ya kuegesha. Kwenye gati la kontena boza litasogezwa kila kreni inapohama. Tope nalo lipashwe moto mapema, maana likiwa baridi ni zito na pampu ya mita 5 za ujazo kwa saa itatoa mita 2.

Gharama. Kwa kawaida ndiyo nafuu kuliko zote kwa mzigo mdogo, mradi boza lisikae geti saa sita kwa sababu wakala alisahau namba ya gari kwenye barua ya maombi.

Kumwagika. Hapa nina kisa. Usiku mmoja mkandarasi mmoja alifika na mpira mzuri, lakini mwisho wake ulikuwa na flenji (bamba la duara la kuungia kwa bolti) ya matundu manne. Flenji ya kimataifa ya kushushia mabaki ya mafuta ina kipenyo cha nje cha milimita 215 na matundu 6 ya milimita 22 kwenye duara la milimita 183. Ya maji machafu ya vyoo ni milimita 210, matundu 4 ya milimita 18. Ukizitazama kwa mbali gizani utasema ni ileile. Dereva akashauri tuikaze kwa kipande cha tyubu na waya wa kufungia: "Itashika tu, mzee, tushafanya mara nyingi." Mhandisi mkuu, mtu mpole ambaye hakuwa amesema neno tangu jioni, aliweka kiganja juu ya gurudumu la valvu na kutikisa kichwa. Tulikaa hadi asubuhi fundi wa Changamwe alipochomea kipande cha kuunganisha. Bili ya kusubiri ilikuwa chungu, ila hakuna tone lililoingia kwenye maji ya Kilindini, bandari ya Mombasa. Tangu siku ile naomba picha ya flenji, na futi kamba juu yake, kabla gari halijaondoka karakana.

Karatasi na mwisho wa taka. Mkandarasi awe na kibali cha mamlaka ya mazingira ya nchi husika; kwa Kenya ni NEMA. Usiishie kwenye leseni. Oili chafu ina soko mitaani. Hupakwa nguzo za ua kuzuia mchwa, huchomwa kwenye matanuri, na wapo watakaojitolea kukulipa wewe ili waichukue. Ukiona mtu anakupa pesa kwa uchafu wako, muulize anaupeleka wapi. Mabaki ya chakula ya meli ya kigeni nayo yasichanganywe na taka za kawaida, kwa kuwa yanaweza kubeba magonjwa ya mifugo.

Inamfaa nani: meli inayofika gatini na kukaa angalau siku moja, yenye mita za ujazo zisizozidi mabozi mawili au matatu.

Tishari ubavuni

Hapa chombo cha kupokelea ndicho kinachoifuata meli, nangani au upande wa maji meli ikiwa gatini.

Kiasi na aina. Tishari hupokea kwa mkupuo mmoja kiasi ambacho kingehitaji msururu wa malori. Kwa maji mengi ya ngama, au mabaki ya kuosha matangi ya meli ya mafuta, ndilo jibu la kawaida. Kwa mifuko 30 ya taka ngumu ni sawa na kukodi basi kubeba kuku.

Muda. Uzuri wake mkubwa uko hapa. Meli inayosubiri gati siku nane inaweza kumaliza shughuli zote nangani, ikaingia gatini kwa ajili ya shehena tu. Hata gatini tishari halizuii kreni wala malori ya mizigo. Kasoro ni kwamba matishari ni machache katika bandari nyingi za mwambao; likiwa na kazi kwa mwingine, utasubiri.

Gharama. Ada ya kulitoa tishari ni kubwa hata kama umeshusha lita 500, lakini kadiri kiasi kinavyopanda ndivyo gharama ya kila mita inavyoshuka. Linganisha jumla mbili, ya mabozi yote na ya tishari, ukiweka na thamani ya saa ambazo meli ingekaa gatini bure.

Kumwagika. Ndani ya Kilindini maji ni tulivu na kazi huenda vizuri mwaka mzima. Nangani nje ni habari nyingine. Upepo wa kusi ukishika, hasa Juni hadi Agosti, wimbi linalipandisha na kulishusha tishari ubavuni huku meli ikienda kwa mdundo wake, na mpira ndio unaovutwa. Madafrao (mito ya kuzuia vyombo visigongane) ya kutosha, mpira wenye urefu wa ziada, mtu wa meli na mtu wa tishari wanaosikilizana kwenye redio moja, na uzio wa maboya ukiwa tayari majini: kikikosekana kimoja, ahirisha. Mafuta yakidondoka gatini huenda ukayadaka kwenye trei. Yakidondoka kati ya vyombo viwili yamekwishaingia baharini.

Karatasi na mwisho wa taka. Kiasi kipimwe pande zote mbili, tangi la meli na tangi la tishari, kabla na baada, na nambari ziandikwe mkiwa bado mmefungana kamba. Kisha uliza swali lilelile: tishari likitoka hapa linamwaga wapi? Mara nyingi jibu huwa boza linalolisubiri ufukoni, kwa hiyo mlolongo una mkono mmoja zaidi wa kufuatilia.

Inamfaa nani: meli za mafuta, meli za shehena ya kichele (isiyofungashwa) zinazokaa nangani muda mrefu, na yeyote mwenye kiasi kikubwa asiye na saa za kupoteza gatini.

Kuzibeba hadi bandari ijayo

Watu huidharau njia hii wakidhani ni ujanja wa kukwepa. Si lazima iwe hivyo. Meli yenye tangi la kutosha, inayokwenda bandari yenye vifaa vizuri, ina haki ya kubeba taka zake. Humu naingiza pia kuchoma melini, kwa kuwa meli zinazobeba ndizo zinazochoma.

Kiasi na aina. Rudi kwenye meli yetu. Tangi la mita 15 limejaa asilimia 85. Zimebaki mita 2.25. Kwa lita 300 kwa siku, nafasi hiyo ni ya siku saba na nusu. Mombasa hadi Durban kwa mwendo wa maili 12 kwa saa ni siku sita hivi, na Durban nako kuna foleni. Kubeba hapa ni kamari. Lakini lau tangi lingekuwa nusu, zingebaki siku 25, na jibu lingegeuka. Taka ngumu hubebeka kama zimetengwa, zimekauka na zina mahali. Plastiki iliyochanganyika na makombo itaanza kutembea yenyewe siku ya nne.

Tanuri la melini linapunguza tope na karatasi, ila lina mipaka. Mabaki ya mtambo wa kusafishia moshi hayachomwi, na plastiki za PVC huchomwa tu kwenye tanuri lililoidhinishwa kwa kazi hiyo. Jivu nalo halimwagwi baharini. Mwisho wake ni nchi kavu vilevile. Bandarini usiwashe kabla ya kuuliza, kwani bandari nyingi hazitaki.

Muda. Hakuna saa inayopotea hapa. Umeihamishia kazi bandari ijayo, ambako huenda kukawa na watu wenye haraka zaidi yako.

Gharama. Hapa inategemea unakokwenda kuliko unakotoka. Kwetu, kwa taka za mafuta, mara nyingi anayeshusha ndiye anayelipa, kwa kila mita. Ulaya mfumo ni mwingine: chini ya agizo la Umoja wa Ulaya la 2019, meli hutozwa ada ya taka ngumu ishushe isishushe, na kushusha kiasi cha kawaida hakuongezi malipo. Meli inayokwenda huko kupitia Suez imekwishalipia nafasi ya mifuko yake. Pima basi kama kuilipia mara ya pili Mombasa kuna maana, au ni harufu tu inayokusukuma. Angalia na njia: tangu Januari 1, 2025 masharti ya eneo maalumu yanatumika Bahari ya Shamu kwa mafuta na taka ngumu, na Ghuba ya Aden kwa mafuta. Aliyepanga kupunguza mzigo njiani ajue nafasi imekuwa finyu.

Kumwagika. Leo hatari ni ndogo, kwa kuwa hakuna mpira uliounganishwa. Hatari inakua polepole ndani, tangi linapokaribia kufurika na mhandisi wa zamu ya usiku anapoanza kufikiria njia ya mkato.

Karatasi na mwisho wa taka. Njia hii ndiyo inayokaguliwa kwa ukali zaidi, kwa sababu mkaguzi atajumlisha mafuta mliyochoma, tope lililotarajiwa na tope lililomo. Kikipungua kitu bila risiti, mna maswali ya kujibu. Kitabu cha kumbukumbu za mafuta hukaa melini miaka 3 baada ya ingizo la mwisho, na ni rahisi kukisoma: C 12.1 ni kushusha bandarini, C 12.3 ni kuchoma. Mwaka 2016 kampuni ya Princess Cruises ilikubali faini ya dola milioni 40 nchini Marekani, baada ya mhandisi mgeni kazini katika meli ya Caribbean Princess kufichua bomba la siri lililopitisha uchafu wenye mafuta hadi baharini.

Kuhusu mwisho wa taka, kisa cha meli ya Probo Koala hakina budi kutajwa. Julai 2006 meli hiyo ilikuwa Amsterdam ikitaka kushusha mabaki. Bei ikapanda walipogundua ni sumu kiasi gani, meli ikayarudisha tangini na kuondoka nayo. Agosti 19 ilifika Abidjan, Ivory Coast, ikampata mkandarasi wa bei nafuu, na malori yake yakayamwaga sehemu mbalimbali za jiji. Zaidi ya watu 100,000 walikwenda kutafuta matibabu. Ilianza kama kubeba hadi bandari ijayo, ikaishia kwa boza. Ukibeba, basi beba kwenda mahali unapopajua, si kwenda kutafuta bei.

Inamfaa nani: meli yenye tangi lisilozidi nusu, ratiba inayoaminika, na bandari ya mbele iliyokwishathibitisha kwa maandishi kwamba itapokea.

Kwa hali yako

Meli ya kontena yenye saa 24 au 36 gatini: boza, na maombi ya geti yatumwe pamoja na taarifa ya kuwasili. Ratiba ikibanwa chini ya saa 12, ulizia tishari upande wa maji, au beba kama tangi linaruhusu.

Meli ya ngano au klinka (malighafi ya saruji) inayosubiri wiki nzima: tishari nangani, isipokuwa katika kilele cha kusi. Miezi hiyo ni salama zaidi kungoja uingie ndani.

Chombo kidogo cha mwambao, kati ya Tanga, Pemba na Unguja, chenye lita 20 kwa siku: tishari halikuhusu. Weka oili chafu kwenye mapipa ya lita 200 yenye vifuniko, kisha shirikianeni vyombo vitatu au vinne kuita boza moja. Na tangu Mei 1, 2024 kitabu cha kumbukumbu za taka kinatakiwa hata kwa meli ya kuanzia tani 100 za ukubwa, pale ambapo zamani ilikuwa 400.

Meli ya watalii: taka ngumu kwa malori kila bandari, maana wingi wake haubebeki, tope na maji ya ngama yafuate hesabu ya tangi.

Meli inayokwenda Ulaya au bandari ya Ghuba yenye vifaa: beba kilicho kikavu na kilichotengwa, shusha hapa kinachooza na kinachokaribia kufurika.

Wala hulazimiki kupitisha kila kitu njia moja. Yule mhandisi mkuu aliyekuwa akielekea Durban tulimgawia hivi: tope lote lishuke gatini kwa mabozi mawili, lipashwe moto tangu rubani wa bandari anapopanda melini, plastiki na mafuta ya kupikia kwa lori dogo asubuhi hiyohiyo, maji ya ngama yabaki, kwa kuwa mtambo wake wa kutenganisha unafanya kazi na nafasi ipo, makombo yasagwe baada ya kuzipita maili 3. Kisha nikamuuliza kuhusu flenji. Alijibu kwa picha: imelala juu ya meza ya karakana, imesuguliwa kutu, futi kamba juu yake, milimita 215.